Kukodi boti na kwenda kuvua kwa kundi, Watamu na Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikikaribia Novemba, simu huanza kulia. Wafanyakazi wa ofisi moja kutoka Nairobi, ndugu walioteremka Malindi kwa harusi wakabaki wiki nzima, wanachama wa chama waliokwisha gawana faida: wote wanataka siku moja baharini, na wote wanauliza mambo yaleyale. Nimeyaandika hapa jinsi ninavyoyajibu kwenye simu. Makundi niliyoyapeleka yakagombana, mara nyingi hayakugombana kwa sababu ya mawimbi. Yaligombana kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyelitaja kabla nanga haijang'olewa, kwa hiyo mengi ya humu ni ya kukubaliana mkiwa bado mchangani.

## Kabla ya kulipa

Kukodi boti maana yake nini hasa?

Mnakodi chombo kizima pamoja na nahodha wake, mabaharia wawili hivi, mafuta na vifaa vya kuvulia, kwa saa mlizokubaliana. Hakuna abiria wengine. Bei ni ya boti, si ya kichwa: muwe watatu au sita, mtalipa kiasi kilekile, ndiyo maana kundi lina faida.

Boti zenyewe ni za injini, nyingi zina urefu wa mita 9 hadi 12, mbele kuna kivuli na mahali pa kujilaza, nyuma kwenye tezi pako wazi kwa ajili ya rodi (fimbo za kuvulia) na kiti cha kupigania samaki mkubwa. Kama mnachotaka ni kukaa na mshipi wa mkononi na kuvua changu na tewa karibu na mwamba, hamhitaji boti ya namna hiyo. Tafuteni mvuvi mwenye mashua, mtalipa kidogo sana na pengine mtarudi na kitoweo kingi zaidi. Huwa nawaambia watu hivyo hata kama mimi napoteza wateja.

Tunaweza kuwa wangapi?

Boti nyingi za uvuvi huchukua wavuvi 4 hadi 6. Idadi ya juu kabisa imo kwenye cheti cha chombo, ambacho husimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Nahodha akikwambia "tutajibana tu", tafuta mwingine.

Mkiwa kumi, kodini boti mbili. Zitaondoka pamoja na zitasemezana kwa redio, na ushindani baina yao ndio utakaokuwa raha ya siku hiyo. Wagawanyeni mapema, na msiwaweke wote wanaotapika kwenye boti moja (tazama sehemu ya tumbo na jua).

Nusu siku au siku nzima?

Nusu siku ni saa 4 hadi 5, siku nzima ni saa 8 hadi 10. Ikiwa zaidi ya nusu yenu hamjawahi kutoka nje ya mwamba, chukueni nusu siku. Saa tano juu ya maji yanayotikisika ni ndefu kuliko zinavyosikika mkiwa mezani.

Siku nzima inafaa mnapomtaka nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, au mnapotaka kwenda mbali. Watamu ina bahati ya kijiografia: ukishatoka kwenye mlango wa mwamba, chini huporomoka upesi, hamtumii nusu ya siku kusafiri tu. Wenye hamu ya kina kikubwa zaidi huteremka kusini hadi Shimoni, kwenye mkondo wa Pemba, ambako kina hupita mita 800.

Bei inajumuisha nini?

Hapa ndipo penye ugomvi. Mara nyingi inajumuisha mafuta, vifaa, chambo, maji ya kunywa na mabaharia. Mara nyingi haijumuishi chakula, bahashishi, usafiri kutoka hotelini na ada ya hifadhi mkitaka kusimama kuogelea. Leseni ya uvuvi wa burudani huwa na utata: wengine huiweka ndani ya bei, wengine huitaja asubuhi mkiwa tayari mmevaa kofia. Uliza, kisha mwambie akuandikie ujumbe kwenye simu, hata kama ni mistari mitatu.

Bei nyingi hutajwa kwa dola au yuro kwa sababu ya wageni. Mkilipa kwa shilingi, kubalianeni kiwango cha kubadilishia siku ya kuweka nafasi, si siku ya safari.

Tulipe arubuni, yaani malipo ya awali, kwa nani?

Kwa mwenye boti au ofisi yake, na mpewe risiti yenye jina la boti. Ufukweni kuna vijana wengi wazuri wanaounganisha wageni na manahodha na wanaishi kwa kamisheni halali kabisa. Kuna na wengine. Miaka michache iliyopita nililikuta kundi la watu wanane limesimama ufukweni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na baridi, wakimsubiri kijana aliyechukua arubuni ya boti ambayo, tulivyokuja kugundua, ilikuwa imepandishwa pwani wiki mbili nzima ikifanyiwa matengenezo. Tangu siku hiyo nasema: nendeni mkaione boti jioni kabla hamjalipa chochote, na mzungumze na nahodha mwenyewe.

Nitajuaje kama boti ni salama?

Ukiwa hapo jioni hiyo, omba uonyeshwe jaketi za kuokolea maisha. Usikubali kuambiwa tu kwamba zipo. Vaa moja, funga vifungo. Kama mna mtoto, ulizia ya mtoto, kwa sababu ya mtu mzima humchomoka akiingia majini. Tazama kama kuna redio ya VHF inayofanya kazi. Chaneli 16 ndiyo ya dharura dunia nzima, na simu yako ya mkononi huanza kupoteza mtandao mkisogea mbali na pwani. Kizima-moto, sanduku la huduma ya kwanza, fataki za kuomba msaada. Injini mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu iliyo wazi.

Nahodha mzuri hakasiriki kuulizwa haya. Wengine hufurahi, maana wanaona wamepata watu watakaowasikiliza wakisema "kaeni chini".

## Msimu, upepo na maji

Miezi gani ni mizuri?

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu, na watu huliuliza mwisho, baada ya kukata tiketi ya treni.

Bahari yetu inaongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari inakuwa ya upole kiasi, maji ya samawati. Hapo ndipo mbasi (wengine humwita sulisuli) anapojaa mbele ya Malindi na Watamu, hasa Novemba hadi Januari, na nduaro huonekana mpaka Machi. Kisha inaingia kusi pamoja na mvua za masika, bahari inachafuka, na Mei hadi Julai boti nyingi hupandishwa pwani kupakwa rangi na kutengenezwa injini. Ukipata anayekupa bei ya kutupwa mwezi wa Juni, sababu ni hiyo.

Mwisho wa kusi, wakati wa demani, kuanzia Agosti hadi Oktoba, jodari hupita kwa makundi. Asubuhi bado kuna mawimbi, lakini kwa kundi linalotaka kazi ya mikono na samaki wa kula, mimi naupenda kuliko Desemba. Boti hazina foleni, na Agosti na Septemba unaweza kuwaona nyangumi wenye nundu wakipita.

Malindi kuna jambo moja la ziada. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji, na baada ya mvua za bara huleta tope jekundu linalotandaa maili nyingi. Mgeni akiliona hukata tamaa. Nahodha mwenye uzoefu hulifuata lile tope hadi mwisho wake, pale maji ya kahawia yanapokutana na ya samawati kama mstari uliochorwa, kwa sababu samaki wadogo hujificha upande mmoja na mbasi huwasubiri upande wa pili.

Hali ya hewa ikiharibika, pesa zetu zinarudi?

Kawaida ya boti nyingi ni hii: nahodha akiahirisha yeye mwenyewe, mnapewa siku nyingine au pesa zenu. Mkiahirisha nyinyi kwa kuogopa mawingu, arubuni imekwenda. Mkitoka, mkafika nje, mkaomba kurudi kwa sababu mawimbi yamewashinda, mmelipa safari nzima. Ulizeni mpate jibu la maandishi, na acheni siku moja ya akiba. Msipange uvuvi siku ya mwisho ya likizo.

Mvua yenyewe si tatizo. Upepo ndio tatizo.

Kupwa na kujaa kunatuhusu?

Kunahusu saa ya kuondoka na namna ya kupanda. Siku za bamvua maji hupwa sana pwani hii, tofauti ya mita tatu na zaidi, na boti hukaa mbali. Mtavuka kwa kidau au mtatembea majini hadi magotini. Vaeni viatu vinavyolowa, na mzee mwenye magoti mabovu apangiwe siku ya maji mafu, yasiyopwa sana.

## Mkiwa baharini

Siku yenyewe inakwendaje?

Mnafika ufukweni saa kumi na moja na nusu alfajiri au saa kumi na mbili kamili. Boti inapita mlango wa mwamba, na papo hapo mtahisi tofauti. Mabaharia hutupa kwanza mishipi midogo ili wapate sehewa wa kutengenezea chambo, au wanatumia chuchunge waliowaandaa tangu jana. Halafu rodi nne hadi sita zinatandazwa, nyingine kwenye ile mikono mirefu ya pembeni inayoitenganisha mishipi isisokotane, na boti inaburuta chambo polepole.

Kisha hakuna kinachotokea. Hili sharti niliseme wazi, kwa sababu video za mtandaoni hulikata. Unaweza kukaa saa moja na nusu ukitazama povu, ndege wa membe wakizunguka, mabaharia wakitengeneza mishipi. Ghafla rili, ile roda ya kukunjia mshipi, inalia, mtu anapiga kelele, na kwa dakika ishirini hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa anasinzia.

Sijawahi kushika rodi. Nitaweza?

Utaweza. Baharia atakukalisha, atakufunga mkanda, atakuwekea rodi. Kazi yako ni kuinua rodi taratibu, kisha kuzungusha rili unapoishusha. Usizungushe wakati samaki anakimbia. Hutamzuia, na utaupinda mshipi bure. Usiguse ule mshipi kwa vidole vitupu, unakata kama wembe.

Wenye nguvu za gym huchoka kwanza. Nimemwona bibi wa miaka sitini na kitu akimleta nguru wa kilo kumi na mbili bila kutoka jasho, baada ya mkwewe kushindwa, na habari hiyo ilisimuliwa chakula cha usiku kizima.

Samaki akidaka, nani anashika rodi?

Kama mtaamua jambo moja tu kabla ya kuondoka, liwe hili. Rodi ni sita lakini mara nyingi anayeuma ni samaki mmoja, na bila mpangilio atamshika aliyekuwa karibu, ambaye siku zote ni yuleyule mwenye maneno mengi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni zamu za samaki: mnapiga kura kwa vikaratasi, wa kwanza anashika samaki wa kwanza, akishamleta au akishampoteza anakwenda mwisho wa foleni. Ya pili ni zamu za muda, kila mtu dakika thelathini, liwalo na liwe. Zamu za samaki ni za haki zaidi, ila kubalianeni kabisa kama sehewa mdogo wa chambo anahesabiwa. Sisi husema hahesabiwi. Kuna kundi moja halikukubaliana juu ya hilo, na kaka wawili walirudi bandarini hawasemezani kwa ajili ya samaki wa nusu kilo.

Samaki wawili wakidaka pamoja, wa zamu na anayefuata wanashika, wengine wote waingie kivulini. Na asiyetaka zamu yake anaruhusiwa kuigawa, lakini si kuiuza. Ndiyo, walishajaribu.

Tutapata samaki gani?

Inategemea msimu, tazama hapo juu. Wa kawaida ni nguru, fulusi mwenye rangi za kijani na dhahabu zinazofifia mkononi mwako, kolekole, sehewa, jodari, mzia, na mara mojamoja songoro. Mbasi wa huku wengi huwa kati ya kilo 20 na 35. Nduaro ni jambo jingine kabisa, anaweza kupita kilo mia, na vita vyake huchukua saa.

Mtasikia mbasi ana kasi ya kilomita 110 kwa saa. Namba hiyo ni ya zamani, na vipimo vya miaka ya karibuni vimeishusha mno. Lakini anaporuka mara ya kwanza ametandaza tanga lake la mgongoni, hakuna atakayekuuliza namba.

Na tusipopata kitu?

Hutokea hata kwa manahodha bora. Hakuna punguzo, mmekodi boti na saa, hamkununua samaki. Anayewaahidi samaki kwa uhakika anawaahidi kitu kisicho chake. Mnachoweza kufanya ni kumwambia nahodha mapema mnachotaka: samaki mkubwa mmoja, au wadogo wengi. Kundi lenye watoto au wageni wa bahari limwombe aburute chambo kidogo, kisha asimamishe karibu na mwamba mvue kwa mshipi wa chini. Watu hukumbuka changu watano waliowavua wenyewe kuliko nduaro waliyemsikia tu.

## Tumbo, jua na mwili

Bahari hunilevya. Nifanye nini?

Anza usiku uliotangulia: lala, na usinywe pombe. Asubuhi kula kitu chepesi, mkate au viazi vya kuchemsha. Tumbo tupu ni baya sawa na tumbo lililojaa maharagwe ya nazi. Dawa za kuzuia kichefuchefu, kama sinarizini, hufanya kazi zikimezwa saa mbili hivi kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika umechelewa. Muulize mfamasia, hasa kama una dawa nyingine, una mimba, au dawa ni ya mtoto. Nyingi huleta usingizi. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Mkiwa nje, kaa katikati ya boti au nyuma kidogo, lakini nje ya moshi wa dizeli, na ukaze macho kwenye upeo. Usiteremke kujilaza chini pasipo dirisha, na weka simu mfukoni. Ukilazimika kutapika, tapika upande ambao upepo unatoka mgongoni mwako. Usione haya, mabaharia wameona mengi.

Mmoja wetu akizidiwa, tunarudi?

Kubalianeni kabla ya kuondoka. Kawaida ya makundi mengi ni kwamba kichefuchefu peke yake hakirudishi boti, ila maumivu ya kifua, kuzirai au jeraha hurudisha papo hapo bila mjadala. Mgonjwa wa moyo au kisukari amwambie nahodha mchangani, na dawa zake zikae kwenye mfuko usiopenya maji.

Tubebe nini?

Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, miwani ya jua, losheni ya kujikinga na jua. Jua la baharini hukupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini, na mtu mweusi naye huungua, msidanganyane. Chupa ya maji ya kujazia tena: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo yaliyohifadhiwa.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja. Sambusa, mahamri, mayai ya kuchemsha. Biriani iwangoje nyumbani.

Choo je?

Boti nyingi zina kijichumba. Ulizeni, hasa kama kuna wanawake kwenye kundi na mnakwenda siku nzima, maana kuna boti ndogo zisizo nacho na hakuna atakayewaambia.

Watoto, wajawazito, wasiojua kuogelea?

Mtoto wa miaka minane na zaidi anayesikia maneno anaweza nusu siku, akiwa ndani ya jaketi muda wote. Mdogo zaidi ya hapo atachoka kabla ya mwamba haujapotea machoni. Mjamzito asiende, mitikisiko ya boti ni mikali kuliko ya barabara mbovu. Asiyejua kuogelea anakwenda bila shida, avae jaketi na asikae ukingoni.

Tunafunga. Tunaweza kwenda?

Ramadhani nisingeshauri uvuvi wa mchana. Jua, chumvi na kazi ya rodi hukausha mwili upesi, na nimeshawarudisha watu. Mkiwa Watamu mwezi huo, ulizieni safari fupi ya alasiri ya mshipi wa mkono karibu na mwamba, mrudi kabla ya kufuturu.

## Samaki wakishapatikana

Samaki ni wa nani?

Wageni wengi hushangaa: kwenye boti nyingi za hapa samaki ni wa boti. Huuzwa, na sehemu ya pesa huenda kwa mabaharia. Kwa desturi kundi hupewa wa kutosha kula siku hiyo. Nyinyi kama mnataka wote, semeni kabla, na mtegemee bei tofauti. Hakuna ubaya kwa upande wowote. Ubaya ni kuligundua hili mkiwa mmesimama mchangani na samaki kumi na wawili mbele yenu, na majiko yamekwisha washwa nyumbani.

Kwa nini mbasi na nduaro hurudishwa majini?

Kwa sababu ni samaki wa kusafiri, wanahitajika wakubwa ili wazaane, na kwa mwenye boti mbasi aliye hai atavuliwa tena mwakani. Baharia humshika kwa mdomo ule mrefu, humchoma kitambulisho kidogo mgongoni, anaandika urefu wa kukisia na mahali, kisha humburuta taratibu ubavuni mwa boti mpaka apate nguvu. Takwimu hizo hukusanywa na African Billfish Foundation, iliyoko hapahapa Watamu, na samaki aliyevuliwa tena mbali huonyesha njia alizopita.

Picha ipigwe samaki akiwa majini au ubavuni. Kumpandisha, kumpakata na kumbusu ndiko kunakomwua, hata kama ataogelea kwenda zake mbele ya macho yenu.

Tukipewa samaki, tutawafikishaje Nairobi?

Barafu, kuanzia dakika anapotoka majini. Jodari, sehewa na nguru wakikaa juani huzalisha histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga wala kwa ndimu. Anayekula hupata uso mwekundu, mwasho, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, akadhani ana mzio wa samaki. Ulizeni kama boti ina sanduku la barafu la kutosha. Samaki atolewe matumbo na matamvua, alale katikati ya barafu na si juu yake, halafu agandishwe kabisa usiku mmoja kabla ya safari. Kwa basi la usiku, weka kwenye sanduku la foamu na kulifunga kwa utepe. Kwa ndege, ulizieni masharti ya shirika.

Bahashishi ni kiasi gani?

Hakuna sheria. Watu wengi hutoa kama sehemu moja ya kumi ya bei, wapewe mabaharia wenyewe mkononi, si kupitia ofisi. Siku isiyo na samaki wamefanya kazi ileile, pengine zaidi.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Tunaweza kuvua ndani ya hifadhi ya bahari?

Hapana. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968, ni miongoni mwa za kwanza Afrika, na ndani yake haivuliwi kabisa, hata kwa mshipi wa mtoto. Kwenye maeneo ya akiba yanayozizunguka huruhusiwa uvuvi wa kienyeji. Nahodha anaijua mipaka; akiinua rodi zote mnapopita, sababu ni hiyo. Mnaweza kusimama kuogelea na kutazama samaki, kwa kulipa ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Tukinasa kasa?

Msimpandishe kwa kumvuta mshipi. Nahodha atasimamisha injini, baharia atamkatia mshipi au kumchomoa ndoano, na kama kasa ameumia nahodha atapiga simu pwani, kuna watu Watamu wanaowatibu. Kumchukua kasa ni kosa la jinai.

Ndoano imemwingia mtu.

Usiivute. Kama imeingia juujuu mkononi, baharia ana koleo na ameshafanya hivyo mara nyingi. Ikiwa karibu na jicho, shingo au kiungo, ifungwe isitikisike, mrudi, na daktari aitoe. Sindano ya pepopunda ulizieni hospitali.

Nataka samaki wangu aingie kwenye rekodi.

Basi mwambie kila mtu asiguse rodi yako. Kwa kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa burudani kilichoundwa 1939, mvuvi apigane na samaki peke yake. Mwenzako akishika rodi, rili au mshipi mkuu hata mara moja, rekodi imekufa. Baharia anaruhusiwa kushika ile kamba ya mwisho samaki anapofika ubavuni. Ndiyo maana hapo juu nilisema zamu ziamuliwe mapema: kupokezana rodi ni raha kwa kundi, lakini hakuandikwi popote.

Tunaweza kunywa bia?

Boti nyingi huruhusu, na nyingi huuza. Nahodha hanywi, na mwenye zamu asinywe. Bia ya saa tatu asubuhi juu ya dawa ya kichefuchefu imewahi kumlaza mtu safari nzima, akaamka tunafunga kamba, akauliza tunaondoka saa ngapi.

Ni kweli ndizi haziruhusiwi botini?

Imani hiyo ililetwa na wavuvi wa kigeni, na baadhi ya manahodha wetu wameishika kwa moyo wote. Mmoja ninayemjua ni mtu wa mantiki katika kila jambo, lakini ukimfunulia ndizi ataitupa baharini bila kukuomba ruhusa. Baharia wake anazila kwa siri nyuma ya injini, na ndiye mwenye bahati kuliko wote.